Saa umeiunganisha mwenyewe, jina la Rolex linatoka wapi?

Wadau, kuna mtindo umeingia mjini ambao nadhani unastahili mjadala. Vijana wanaagiza spea za saa ya mkononi moja moja: mashine kwa muuzaji huyu, kasha kwa yule, uso na mishale kwa mwingine. Mzigo ukifika, mtu anakaa mezani kwake na bisibisi nyembamba kama sindano na kuziunganisha mpaka saa inatembea. Kesho yake kijiweni ananyanyua mkono: "Hii nimetengeneza mwenyewe."

Niseme mapema kwamba mtindo huu naupenda. Nimeunganisha moja na ndiyo niliyoivaa ninapoandika haya, kwa hiyo asije mtu akasema naona wivu. Ninachopinga ni kitu kimoja tu, nacho ni maandishi yaliyoko kwenye uso wa saa hizo. Nyingi ninazoonyeshwa zimeandikwa Rolex, Omega au Seiko, na mwenye nayo anajua fika kwamba hakuna mtu wa kampuni hizo aliyeigusa. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Ah, kaka, si urembo tu?"

Mimi nasema si urembo. Na nasema aliyeunganisha saa kwa mikono yake ana sababu ndogo kuliko mtu yeyote duniani ya kuazima jina la mwenzake. Twende polepole.

Tuanze na kilichomo ndani, maana wengi tunavaa saa bila kujua tumevaa nini. Saa isiyotumia betri ina mashine, kasha lenye kioo mbele na mfuniko nyuma, uso, mishale mitatu (wazee wetu wa pwani waliiita akrabu), kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo na kurekebishia majira, na mkanda au cheni. Basi. Ukivipata hivyo vyote na vikaingiliana vipimo, una saa.

Mashine inayotumiwa na wengi wanaoanza ni ya Kijapani, inaitwa NH35. Inatengenezwa na kampuni ya Seiko na kuuzwa kwa yeyote anayetaka kuitia kwenye kasha lake. Ina upana wa milimita 27.4 na unene wa milimita 5.32. Ndani yake mna vito 24 vya kupunguza msuguano, na inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde. Ukiijaza ufunguo ukaiacha kabatini itatembea kwa muda wa saa 41 hivi. Ukiivaa, kuna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka ndani kila unapotikisa mkono, nacho kinaijaza chenyewe. Mtandaoni inauzwa kati ya dola 30 na 50 hivi, usafiri na ushuru ni juu yako.

Sasa sikia hii. Ndani ya saa nyingi za Seiko zenyewe, zile za dukani zenye kibali na karatasi, kuna mashine inayoitwa 4R35. Hiyo na NH35 ni mapacha. Tofauti kubwa ni jina.

Kazi yenyewe haihitaji nguvu, inahitaji pumzi. Uso una vijiti viwili nyuma yake vinavyoingia kwenye matundu ya mashine. Visipolingana, uso huo si wa mashine hiyo, rudi dukani. Kisha unazungusha kifundo taratibu mpaka tarehe iruke, hapo unajua mashine iko saa sita usiku, na mishale yote lazima uipachike ikitazama juu kabisa. Ukiipachika ovyo tarehe itabadilika saa tisa mchana. Unaanza na mshale wa saa, ambao tundu lake lina milimita 1.5. Unafuata wa dakika, milimita 0.9. Wa mwisho ni wa sekunde, na huo tundu lake ni milimita 0.2. Mshale huo ukipiga chafya umeshaupoteza kwenye zulia. Mitatu yote ikishakaa, unaitazama kwa ubavu kuhakikisha haigusani, maana ukigusa mmoja saa inasimama.

Baada ya hapo kuna kijiti cha kifundo. Kinakuja kirefu makusudi, na ni juu yako kukipima, kukikata na kukisugua kwa tupa mpaka kifundo kikae sawa kwenye kasha. Kisha unapuliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira na kufunga mfuniko. Hapa Dar kuna adui wa ziada, naye ni feni. Ukiiwasha inakupeperushia mishale, ukiizima jasho linakudondokea kwenye uso wa saa. Chagua.

Mtu makini anamaliza kazi hii jioni moja. Na akimaliza, akaiona ile sekunde ya kwanza inaondoka, atajisikia vizuri kwa namna ambayo pesa peke yake haileti. Sitamcheka. Ila nitamuuliza kuhusu lile neno "nimetengeneza".

Ndani ya ile mashine kuna vipande vidogo zaidi ya mia. Kuna springi, magurudumu yenye meno, na gurudumu la kuyumba linalokwenda na kurudi likihesabu muda. Vyote hivyo hukuvigusa. Vilikuja vimeshafungwa, vimeshatiwa mafuta, vinatembea. Ulichofanya ni kuunganisha, na hilo ni neno zuri lenye heshima yake. Anayeifungua mashine yenyewe ni yule fundi saa wa barabarani, mwenye kibanda cha vioo na lenzi aliyoibana jichoni kama kovu. Huyo anaweza kuivunja mashine yote, akaiosha, akaitia mafuta tone kwa tone na kuirudisha. Sisi tunampita kila siku tukienda kupanda daladala, na tunamkumbuka tu betri ikiisha. Ukitaka kujua umbali uliopo kati ya kuunganisha na kutengeneza, kaa naye nusu saa.

Lakini kuunganisha si jambo la kuonea aibu, na hapa ndipo historia inaponifurahisha.

Mnamo 1905 kijana Mjerumani aitwaye Hans Wilsdorf alifungua biashara London pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Hawakuwa na kiwanda cha mashine za saa. Walikuwa wakiagiza mashine Uswisi, kwa mtu aitwaye Aegler katika mji wa Bienne, wakizitia kwenye makasha yaliyotengenezwa na watu wengine, kisha wakiwauzia wenye maduka ya vito. Na wenye maduka hao waliandika usoni majina ya maduka yao. Mnamo 1908 Wilsdorf akasajili jina alilolibuni mwenyewe, na ikamchukua miaka mingi ya kubishana na wauzaji mpaka jina hilo likakubalika kukaa usoni mwa saa. Jina lenyewe ni Rolex.

Umeona? Kampuni ambayo jina lake linabandikwa kwenye saa za Kariakoo ilianza kwa mtu aliyenunua spea kwa wengine akaziunganisha. Kiwanda cha Aegler kilichowatengenezea mashine Rolex walikuja kukinunua mwaka 2004, karibu miaka mia moja baadaye. Na hata huko katikati, kati ya 1988 na 2000, saa yao maarufu ya Daytona ilitumia mashine iliyotoka kwa kampuni ya Zenith, ingawa waliifanyia marekebisho makubwa.

Au wachukue Sellita, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1950. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuunganisha mashine kwa vipande vya kampuni nyingine iitwayo ETA. Mwaka 2002 wenye ETA wakatangaza kwamba watapunguza kuwauzia watu wa nje. Sellita wangeweza kufunga virago. Lakini walikuwa wameunganisha mashine zile kiasi cha kuzijua usingizini, na haki za ubunifu wa mashine yenyewe zilikuwa zimekwisha muda, hivyo wakatengeneza ya kwao inayofanana nayo. Leo mashine yao ya SW200 imo ndani ya saa za kampuni chungu nzima.

Japani nako, Kintaro Hattori alifungua duka Tokyo mwaka 1881 la kuuza na kukarabati saa za wengine. Kiwanda chake, Seikosha, kilikuja 1892, tena kwa saa za ukutani. Saa ya kwanza ya mkononi kutengenezwa Japani, waliyoiita Laurel, ilitoka kwenye kiwanda hicho mwaka 1913. Hesabu mwenyewe: kutoka kukarabati mpaka saa ya mkononi ni miaka 32.

Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba "umeunganisha tu", mwambie wakubwa wote walipita hapo. Sisi wenyewe tulipita na wengine tukaishia hapo. Pale Kibaha TAMCO waliunganisha malori ya Scania, na hatukufika kwenye lori letu. Kuunganisha ni darasa la kwanza, na aibu ni kukaa darasa hilo hilo ukijiita mhitimu.

Sasa msomaji mjanja atanikamata hapa. Atasema: kama Rolex waliandika jina lao kwenye mashine ya Aegler, na baadaye kwenye mashine ya Zenith, kwa nini mimi nisiandike Rolex kwenye mashine ya Seiko? Sote si waazimaji?

Swali zuri, na jibu lake ndiyo hoja yangu nzima. Wilsdorf aliandika jina *lake*. Hakuandika la tajiri mwenzake. Jina kwenye uso wa saa halisemi "kila kilichomo humu nimekichonga mimi". Karibu hakuna kampuni inayoweza kusema hivyo. Hata yale maneno Swiss Made tunayoyaabudu, tangu Januari 2017 yanadai walau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji iwe ya Uswisi, pamoja na masharti mengine kama mashine kuwa ya Uswisi na ukaguzi wa mwisho kufanyika huko. Kwa hiyo hata wao wana asilimia 40 ya kwenda sokoni kama mimi na wewe. Jina linasema jambo jingine: "Ikiharibika, njoo kwangu." Jina ni dhamana.

Sisi wa magazeti tunalijua hili vizuri. Habari ikitoka na jina langu juu yake, haina maana kwamba kila neno nimelizua mimi. Kuna mhariri aliyekata, kuna mpigapicha, kuna watu walionipa taarifa. Maana yake ni kwamba simu ya malalamiko ikilia asubuhi, inanilia mimi. Kwenye chumba cha habari, ukichukua kazi ya mwenzako ukaweka jina lako, huo ni wizi na kila mtu anaujua. Saa ya feki ni kinyume chake: unachukua kazi yako mwenyewe, uliyoitolea jasho bila feni, unaweka jina la mwenzako. Umeibiwa na umejiibia. Huo ni wizi gani jamani?

Na dhamana hiyo unayoiandika ni ya uongo mara mbili. Mwenye jina hakujui, hatakutengenezea. Na wewe uliyeiunganisha, ambaye ungeweza kujibu, jina lako halipo.

Najua pingamizi zitakazokuja, nizijibu moja moja.

La kwanza: "Yangu ni ya kuvaa mwenyewe, simdanganyi mtu." Sawa, leo. Lakini saa inaishi kuliko mipango yetu. Mwezi mbaya utakuja, kodi ya nyumba itadai, na ile saa itauzwa. Utamwambia mnunuzi ukweli, nakuamini. Yeye atamwambia wa tatu nusu ya ukweli. Wa nne atanunua Rolex kwa pesa za harusi au za mafao. Uongo ulioandikwa kwenye chuma hauhitaji msemaji, unatembea wenyewe.

La pili: "Kila mtu anajua kwamba ni feki, mshahara wangu unajulikana." Basi kama kila mtu anajua, jina linakusaidia nini? Wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Halafu saa yenyewe inakusema. Mshale wa sekunde wa NH35 unaruka mara sita kwa sekunde, wakati saa za Rolex za siku hizi zinaruka mara nane. Mwenye jicho anaona ukiwa umekaa tu mbele yake. Na fundi akifungua mfuniko wa nyuma hahitaji hata lenzi, kwa sababu hakuna Rolex iliyowahi kutoka kiwandani na NH35 tumboni.

La tatu: "Nyuso zenye majina ndizo zinazouzwa, nifanyeje?" Si kweli. Nyuso tupu zisizo na neno lolote zipo tele, na bei yake haina tofauti ya kukunyima usingizi. Hapo ndipo mtu anapojifunza kitu ambacho hatajifunza kwa kununua saa dukani. Ukiwa na orodha ya spea mbele yako, na bei ya kila moja, unaona kwamba mashine ina bei, kioo kigumu cha yakuti kina bei, kasha lisilopitisha maji lina bei, ila wino wa maandishi ya usoni ni karibu na bure. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye meza ndicho tunachokilipia mamilioni dukani. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake halafu bado akautaka wino wa mwenzake, mimi simwelewi.

Na kama unaunganisha ili uuze, usiniambie habari za urembo. Kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na kuna Tume ya Ushindani inayoisimamia, na kazi yao mojawapo ni kufuatilia bidhaa zenye alama za kughushi. Kuunganisha kwa ustadi hakukuondoi humo.

Nigusie na pesa, maana kuna wanaodanganyana kwamba hii ni njia ya kupata saa kwa bei ya chini. Ukijumlisha mashine, kasha, kioo, uso, mishale, cheni, usafiri, ushuru, na vifaa vya kazi ambavyo ni lazima ununue mara ya kwanza (kibano, bisibisi, lenzi, kipachikio cha mishale, kifungulio cha mfuniko), huenda ukavuka bei ya saa halali ya Kijapani yenye mashine ile ile. Na kama shida yako ni kujua saa ngapi, kuna Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka mwaka 1989. Hiyo inaruhusiwa kukosea sekunde 30 kwa *mwezi*, na betri yake inakaa miaka saba hivi. NH35 kiwandani wanairuhusu kupoteza sekunde 20 au kuzidisha 40 kwa *siku*. Saa ya mwanafunzi wa sekondari inaishinda ya kwako kwa mbali. Kwa hiyo usiunganishe kwa ajili ya kubana matumizi, wala kwa ajili ya majira. Unganisha kwa ajili ya kujua, na kwa ajili ya kuwa na kitu ambacho ni chako.

Chako kweli kweli. Na hapa nina pendekezo.

Tuna bahati moja ambayo vijana wa Geneva na Tokyo hawana. Sisi tunahesabu saa kivyetu. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja asubuhi ni pale mshale mfupi unapogonga namba saba. Tumezoea tangu shule ya msingi kutazama namba moja na kutamka nyingine, ile iliyo mkabala wake. Tunatafsiri saa siku nzima bila kujua kwamba tunatafsiri. Na walimu waliotufundisha saa ya ubaoni walipata taabu kweli kutueleza kwa nini kwenye saba panasomwa moja.

Anayenunua saa dukani hana la kufanya. Lakini wewe unayeunganisha, uso unauchagua. Kuna watu mtandaoni wanaochapa nyuso kwa oda. Weka sita juu kabisa, pale walipozoea kuweka kumi na mbili. Weka kumi na mbili chini. Moja iende mahali pa saba, mbili mahali pa nane, na kuendelea. Dakika ziache zilivyo, zianzie juu, pembeni kabisa. Mashine huigusi, mishale huigusi, na tarehe itaendelea kubadilika saa sita usiku kama kawaida. Umebadilisha wino tu, ule ule wa bure. Lakini sasa saa sita mchana, jua likiwa utosini, mshale mfupi nao unatazama juu, na jioni jua likizama mshale unatazama chini. Saa inasoma kama unavyosema. Mtoto wako ataijifunza bila kutafsiri.

Na kama oda inakushinda, chukua saa yoyote uirudishe nyuma saa sita. Itakusomea Kiswahili leo leo, bila kufungua hata skrubu moja, ila tarehe ndiyo itakayohama.

Juu ya uso huo andika jina lako. Au la mama yako, au la kijiji chenu. Au usiandike kitu, kama nilivyofanya mimi. Uso mtupu haudanganyi mtu, na watu wakiuona lazima waulize, "Hii ni saa gani?" Hapo unapata nafasi ya kusimulia kila kilichomo ndani: mashine ya Wajapani, kasha la Wachina, na mikono ya nani iliyoviweka pamoja. Mwenye saa ya feki swali hilo analiogopa.

Nakubali kwamba saa ni kitu kidogo. Nchi ina matatizo makubwa kuliko maandishi ya usoni mwa saa ya kijana wa Sinza. Lakini tunalalamika kila siku kwamba vyetu havithaminiwi, kwamba fundi wetu akishona viatu vizuri lazima agonge muhuri wa Italia ndipo vinunuliwe, kwamba mchonga makochi anasema "haya ni ya Dubai". Tunamlaumu mteja. Mbona sisi wenyewe, tukiwa peke yetu mezani, bila mteja yeyote kutulazimisha, tunagonga muhuri wa mwingine? Hapo wa kulaumu ni nani?

Wilsdorf hakuwa na kiwanda, hakuwa na mashine, hakuwa hata na jina mpaka alipolibuni. Alichokuwa nacho ni ujasiri wa kusema "ikiharibika, njoo kwangu". Spea anazouziwa kila mtu leo mtandaoni ni nzuri kuliko alizokuwa nazo yeye. Kilichobaki ni huo ujasiri, na haupatikani kwa oda.

Nawasilisha.